Taifa Linasubiri Neno la Mwosha

Jumanne, tarehe tisa Julai. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu na baridi ya kukunja vidole katika mji wa Bayana, makao makuu ya Jamhuri ya Peupe. Wananchi walikuwa wamesimama barabarani wakijipiga picha, ili kuwajulisha wenzao waliokuwa wakinyeshewa pembeni yao kwamba mvua inanyesha.

Bi Mwatime hakuwa miongoni mwao. Alikuwa chumbani kwake, ndiyo kwanza amemaliza kusali, tasbihi bado iko mkononi, pale mlango uliposukumwa. Katika nchi ya Peupe watu hawabishi hodi. Hodi ilifutwa na Bunge kwa kura nyingi, kwa hoja kwamba anayetaka kubishiwa hodi ni mtu mwenye jambo la kuficha.

Aliyeingia ni Bwana Machano, Afisa Uwazi wa Mtaa, mtu mwenye kitambi na moyo mzuri, simu yake ikiwa mbele kama tochi ya mlinzi.

"Bi Mwatime, umeanika asubuhi hii?"

"Nimeanika, baba."

Kuanika ni neno la serikali. Maana yake ni kuweka mambo yako kwenye Kibaraza cha Taifa, ambacho ni mtandao unaomilikiwa na Wizara ya Uwazi na Hisia, ili kila raia ayaone. Kila mtu mzima anatakiwa kuanika kabla ya chai ya asubuhi. Asiyeanika hapati chai, na ikijulikana kuwa ameinywa kwa siri anakuwa na makosa mawili.

Bwana Machano alisogeza simu karibu na macho. "'Nimeamka salama, namshukuru Mungu.' Haya. Na jana uliandika nini?"

"Nimeamka salama, namshukuru Mungu."

"Na juzi?"

"Juzi jino lilinisumbua."

"Enhe!"

"Nikaamka salama, nikamshukuru Mungu."

Afisa alishusha pumzi, akakaa kitandani bila kukaribishwa. "Bi mkubwa, unaniangusha. Mtaa wangu utakuwa wa mwisho kwa hisia nchi nzima. Huna hata ugomvi na jirani? Huna choo kigumu? Mtu wa umri wako hakosi choo kigumu."

"Nikiwa nacho nitamwambia daktari."

"Daktari ni mtu mmoja! Huku kuna taifa zima la kukupa pole." Akamgeuzia simu. "Hebu nitazame mimi. Nimeanika fangasi wa kidole cha mguu, kisha nikalia kidogo kwa sababu mke wangu haniheshimu. Makopa hayo, hesabu mwenyewe."

Kopa ni ule moyo mwekundu anaopewa aliyeanika vizuri. Bi Mwatime hakuhesabu. Aliona kidole, akageuza uso, akajifanya anatafuta kanga. Alikuwa mwosha maiti wa wanawake tangu ujana wake, na hapakuwa na mwili uliowahi kumtapisha, hata wale waliotolewa majini baada ya wiki. Lakini simu ya Bwana Machano ilimpandisha nyongo hadi kooni.

Ni vizuri ieleweke kwamba Peupe ni nchi yenye adabu sana. Wizara ilitoa Mwongozo wa Adabu za Mtandaoni, na wananchi wanaufuata kwa moyo wote. Mtu akianika jambo, ni utovu wa adabu kupita bila kumpigia kopa. Akianika kidonda, ni adabu kumwomba akisogeze karibu. Kuna mwanamume wa mtaa wa pili aliyemwacha mkewe huko huko Kibarazani, mbele ya watu wote, na mke, kwa kuwa alilelewa vizuri, alimpigia kopa, kisha akaenda kufungasha nguo zake.

Wakati mwingine taifa lote huungana. Bwana Kombo, fundi baiskeli, aliota jipu mgongoni, akalianika tangu likiwa jekundu hadi likaiva. Siku ya kulitumbua shule zilifungwa mapema. Jipu lile lilitazamwa na watu wengi kuliko hotuba ya bajeti, na wataalamu walisema lilieleweka zaidi. Bwana Kombo sasa ni Balozi wa Usafi.

Wala hakuna anayelazimishwa kuanika kila kitu, kama maadui wa Peupe wanavyodai. Raia ana haki kamili ya kuwa na siri. Anachotakiwa ni kwenda sokoni siku ya gulio, apande jukwaani, aitaje siri hiyo kwa kipaza sauti, kisha aombe ruhusa ya kuitunza.

Chini ya sheria hizo Bi Mwatime aliishi kwa shida, kwa sababu kazi yake ni kunyamaza. Kuosha kwenyewe ni mikono tu. Mwosha akiona zuri kwa marehemu anaweza kulisema, ili wafiwa wafarijike. Akiona baya, au la aibu, au la ajabu, analifunika kama anavyoufunika mwili, na anakufa nalo. Kwa miaka yote hiyo wanawake wa Bayana walipata usingizi kwa kujua kwamba mambo yao ya mwisho yataishia kwa Bi Mwatime.

*

Baada ya Bwana Machano kuondoka, Bi Mwatime alikwenda kumjulia hali shoga yake, Bi Mgeni, ambaye alikuwa mgonjwa wa kitandani. Hakuhitaji kwenda ili kujua hali yake. Hali ya Bi Mgeni ilijulikana na nchi nzima, kwa kuwa binti yake ndiye Waziri wa Uwazi na Hisia, Mheshimiwa Dakta Salhina, na kila siku alirusha kipindi mubashara kutoka chumbani kwa mama yake. Kipindi kiliitwa "Mama Yangu, Machozi Yangu." Kilidhaminiwa na kampuni ya nepi za wazee.

Bi Mwatime alikuta taa kubwa zimewashwa na wapiga picha wamepanda juu ya viti. Mheshimiwa alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, amejipaka wanja usioyeyuka kwa machozi.

"Ndugu wananchi, wapenzi watazamaji," alisema, "leo mama amejichafua mara mbili. Sioni haya kuwaambia. Haya ni adui wa maendeleo. Mama, geuka kidogo upande huu, taifa likuone."

Bi Mgeni aliugeuzia ukuta uso wake. Shuka ilikuwa imefunuliwa hadi nyonga, na kidonda cha kulalia kilikuwa wazi kabisa chini ya taa.

"Kisogezeni karibu," alisema Mheshimiwa kwa upole. "Watu wanaomba kwa adabu."

Makopa yalianza kuelea kwenye kioo kikubwa kilichotundikwa ukutani. Yalielea juu ya kidonda, mekundu kwa mekundu, mpaka mtu asingeweza kujua kipi ni kipi. Mmoja aliandika, "Usaha wa leo una rangi nzuri, hongera Mama." Bi Mwatime alitoka nje, akashika ukuta wa uani, akatapika. Kisha alisukutua, akamwomba Mungu msamaha kwa chuki iliyomjaa kifuani, akarudi ndani.

Ilikuwa saa ya kubadilisha betri. Mheshimiwa na watu wake walikuwa ukumbini wakijipongeza. Bi Mwatime alimfunika mwenzake shuka, akamshika mkono.

"Mwatime," Bi Mgeni alinong'ona, "na kufa kwenyewe kutaonyeshwa?"

"Sijui, dada."

"Nimemzaa mwenyewe, siwezi kumlaani. Lakini nimechoka kutazamwa. Mwili wangu huu hata marehemu mume wangu aliuona kwa taa ndogo." Akapumua kwa taabu. "Yako mambo utakayoyakuta ukiniosha. Unajua?"

"Sijui, wala usiniambie."

"Nakuachia wewe."

Bi Mwatime alimbana vidole kwa nguvu. Hakupata nafasi ya kujibu, maana betri zilikuwa zimewekwa.

*

Bi Mgeni alifariki Alhamisi alfajiri. Watu walijua kwa sababu kipindi kiliendelea.

Kabla jua halijapanda, Mheshimiwa alilihutubia taifa akiwa na kilemba cheusi chenye nembo ya Wizara. "Mama yangu aliishi hadharani," alisema, "ingawa mwanzoni hakutaka. Basi ataoshwa hadharani. Kwa mara ya kwanza katika historia ya dunia, raia atashuhudia hatua ya mwisho ya usafi wa binadamu bila pazia, bila unafiki, bila kulipia. Na nawaomba tudumishe adabu. Makopa meusi tu."

Kamati ya Mwanga iliundwa, na Kamati ya Pembe za Kamera, na kamati ya tatu ya kuzipatanisha hizo mbili. Mshauri wa Dini wa Wizara aliulizwa kama jambo hilo linafaa. Alisema suala ni zito na linahitaji tafakuri, kisha akaanika picha yake akiwa anatafakari.

Bi Mwatime aliitwa wizarani kwa gari la kufungua juu. Mheshimiwa alimpokea kwa mikono miwili.

"Mama Mwatime, shikamoo. Kuanzia leo wewe ni Mwosha wa Taifa. Utavaa kipaza sauti kidogo hapa kifuani, na kila unapoosha mahali utatueleza unaona nini."

"Marahaba, mwanangu. Sitafanya."

"Hukunielewa. Ni heshima."

"Nimekuelewa. Mama yako alikuwa rafiki yangu. Niachie nimwoshe kama watu wanavyooshwa."

Uso wa Mheshimiwa ulibaki na tabasamu kwa sababu kulikuwa na kamera, lakini macho yake yalibadilika. "Unajua adhabu ya kuficha jambo la umma?"

"Mwili wa mama yako si jambo la umma."

"Mama, mimi ni Waziri. Kila kitu ni jambo la umma. Basi tutamwita mwosha mwingine. Mji umejaa waosha."

Mji ulikuwa nao kweli. Bi Tamasha wa Mtaa wa Chumvi alipigiwa simu, na Bi Hidaya wa Kilimani, na wengine wote hadi wa pembezoni. Lakini kila mmoja, kwa kuwa ni raia mwema, alikuwa ameanika kabla ya chai kwamba ameamka na tumbo la kuendesha, na alilieleza kwa kina na kwa rangi, kama Mwongozo unavyotaka. Walikuwa hawasemi uongo. Kila aliyesikia habari ya kamera chumbani kwa maiti tumbo lilimvuruga. Wizara ilishindwa hata kuwakemea. Kwa mujibu wa sheria zake yenyewe, iliwapigia kopa wote na kuwatakia nafuu.

*

Maiti haingoji kamati. Ilipofika adhuhuri ilibidi Bi Mwatime aletwe nyumbani kwa wafiwa. Aliingia chumbani, akakuta kamera kila kona, na moja imefungwa darini ikitazama chini kama popo. Bi Mgeni alikuwa amelazwa katikati, bado amefunikwa, na taa zilikuwa kali hivi kwamba chumba kilinuka nguo iliyounguzwa na pasi.

Bi Mwatime aliketi chini kando ya marehemu, akatoa tasbihi.

"Tupo hewani!" mpiga picha alinong'ona. "Anza, bibi."

Hakuanza. Midomo yake ilikuwa ikicheza polepole, kidole kikisukuma punje moja baada ya nyingine. Taifa lilitazama. Mwanzoni watu walidhani ni utangulizi, wakapiga makopa meusi. Baadaye wakaanza kuuliza kama simu zao zimeganda. Mwanamke mmoja aliandika, "Huyu bibi hana hisia." Mwingine aliandika kwamba Bwana Kombo ameota jipu la pili, safari hii kwapani. Idadi ya watazamaji ikaanza kushuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Mheshimiwa aliingia akiwa na mashine ya kuhesabu watazamaji mkononi.

"Unafanya nini?" alisema kwa meno yaliyobana.

"Namwombea mama yako. Nawe kaa hapa tumwombee."

"Watu wanakimbia! Nimepoteza nusu ya taifa! Wanaenda kutazama kwapa la fundi baiskeli!"

"Waache waende, mwanangu. Wakiisha wote, nitaanza."

Waziri alitazama mashine, kisha akautazama mwili uliofunikwa, kisha mashine tena. Mtu mzuri angesema alipambana na nafsi yake. Lakini alikuwa akipiga mahesabu, na hesabu zake zilipata jibu.

"Sawa," alisema. "Kamera zitatoka. Osha unavyotaka. Lakini ukimaliza utasimama uani mbele ya watu wote, nami nitakuuliza uliona nini. Taifa litasubiri Neno la Mwosha. Kusubiri nako kunaleta watazamaji. Unakubali kusimama?"

"Nakubali kusimama."

Kamera zikatolewa. Bi Tamasha na Bi Hidaya wakatokea mlango wa nyuma, matumbo yamepona, wakiwa wamebeba ndoo na sanda. Mlango ukafungwa, na kanga zikaning'inizwa dirishani.

Yaliyofanyika humo ndani hayamo katika hadithi hii.

*

Uani kulikuwa hakuna pa kukanyaga. Watu walikuwa juu ya kuta, juu ya tangi la maji, mmoja juu ya paa la banda la kuku. Simu zilikuwa nyingi kuliko nyuso. Tangazo lilikuwa limezunguka nchi nzima tangu adhuhuri, NENO LA MWOSHA: ALIONA NINI?, na hata Bwana Kombo alikuwa amekuja na kwapa lake, kwa kuwa hakuna aliyebaki kumtazama kwake.

Bi Mwatime alisimama kizingitini. Mikono ilikuwa bado na unyevu na ilinukia karafuu maiti. Nyuma yake, ndani, jeneza lilikuwa tayari limefunikwa.

Mheshimiwa alimsogezea kipaza sauti. "Mwosha wa Taifa, twambie."

"Uso wake ulikuwa umetulia," Bi Mwatime alisema. "Kama mtu aliyepumzika baada ya kazi nyingi. Tumwombee."

 Watu walingoja. Kisha sauti ikatoka juu ya tangi: "Ndiyo hayo tu?"

"Vidonda je? Viliongezeka?"

"Sema kuhusu lile kovu! Kipindi cha juzi kulionekana kovu!"

"Tumeacha kazi zetu, bibi! Kuwa na adabu!"

Bwana Machano alijipenyeza hadi mbele, kitambi kikimtangulia. "Bi Mwatime, nakusihi," alisema kwa huruma ya kweli. "Sema kitu kimoja tu kibaya. Kidogo. Mtaa wetu unatazamwa."

Bi Mwatime aliwatazama mmoja mmoja. Wengi aliwajua. Wengine alikuwa amewaosha mama zao, na watatu kati ya waliopiga kelele aliwaosha dada zao, na aliyakumbuka yote aliyoyakuta huko.  Alimwomba Mungu ampe maneno, na ampe maneno machache.

"Taifa lina haki ya kujua," alisema Mheshimiwa kwa sauti ya hotuba. "Ulikubali kusimama. Mama yangu hana cha kuficha. Mimi, binti yake, nimeanika maisha yangu yote, sijabakisha kitu. Uliona nini?"

"Hujabakisha kitu, Salhina?"

Ulikuwa muda mrefu tangu mtu amwite Waziri kwa jina lake bila cheo. Watu wakasogeza simu karibu.

"Sijabakisha."

"Kila siku nakuona unavyochagua taa. Nakuona unavyogeuza upande wa shavu la kulia, kwa sababu la kushoto hulipendi. Machozi unayafuta kabla hayajaharibu wanja. Hayo ndiyo unayoanika. Mimi nazungumzia mengine." Bi Mwatime alishuka kizingitini, akasimama karibu naye kiasi kwamba kipaza sauti hakikuhitajika tena, ingawa kiliendelea kunasa. "Siku yako nayo itafika, mwanangu. Utalala chali, simu huna, taa huchagui, shavu hugeuzi. Tutakukuta kama ulivyo. Na yapo ambayo hukuwahi kumwonyesha mtu. Usinitikisie kichwa. Kila mwanadamu anayo."

Mheshimiwa hakutikisa kichwa. Mkono wake ulipanda polepole ukakusanya mtandio kifuani, ukaushikilia pale, ule mtandio ambao nchi nzima haikuwahi kumwona akiufunga. Kwenye vioo vya simu makopa yalikuwa yamesimama. Mtu mmoja kwenye paa la banda la kuku alishusha simu, kisha akaipandisha tena kwa kuona wenzake hawajashusha.

"Usinitishe," alisema Waziri, na safari hii sauti ilikuwa ya mtoto wa Bi Mgeni.

"Sikutishi. Nakupa kile nilichompa mama yako." Bi Mwatime aligeuka, akaikabili ile misitu ya simu, akaupandisha mkono wake wenye maji juu ili wote wauone. "Mnarekodi? Vizuri, rekodini, muwe mashahidi wangu. Mimi Mwatime, nikiwa hai siku hiyo, ndiye nitakayemwosha huyu. Na nikiwa nimetangulia, Tamasha na Hidaya hawa hapa nyuma yangu watasimama mahali pangu. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: nitakayoyakuta kwako, Salhina binti Mgeni, yawe mabaya kiasi gani, nitayafunika kwa mikono hii, na hakuna kiumbe atakayeyasikia kutoka kwangu."